Pango Safi

Ofisini walimwita Mama Alama, na aliyembandika jina hilo hakukosea. Mwanamke huyu alikuwa hawezi kuona kitu asikipe alama. Chai ya mhudumu wa ofisi, saba juu ya kumi. Harusi ya binti wa dada yake, sita, na ingefika nane kama mshereheshaji angejua kunyamaza. Mumewe alikuwa na mzaha wake wa siku zote, kwamba yeye siku ya posa alipata tano na kupita kwa huruma ya msimamizi.

Kazi ndiyo iliyomharibu. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mtathmini katika idara ya utalii. Watu wakisema kwao kuna maporomoko, au msitu, au mapango, anapelekwa yeye na futi yake ya kamba na fomu zake. Anapima, anahesabu, anajaza, kisha kamati inakaa na kuamua kama mahali hapo panafaa kwa utalii wa mazingira, yaani ule wa wageni wachache wanaokuja kutazama na kuondoka, wakaacha kila kitu kilivyokuwa. Alama sitini kwenda juu, mahali panalindwa kwa sheria. Hamsini na tisa, pole sana. Hakuwahi kumwongezea mtu hata alama moja, na waliowahi kumlilia walikuwa wengi.

Safari hii alikwenda kupima kilima chenye mapango na msitu ulioizunguka miguu yake. Kampuni moja ya kuvunja mawe ilikwisha kukiomba kilima hicho, barua yao ilikuwa mezani kwa mkuu wa idara ikisubiri. Kilima kikipita, barua hiyo inarudishwa ilikotoka. Kikishindwa, mitambo inapanda, na baada ya miaka michache kilima kinakuwa kokoto za barabara. Hilo alilijua Mama Alama, na wenyeji walilijua zaidi yake.

Kuna jambo lingine la kusema kuhusu ile fomu, maana bila hilo hadithi haina kichwa. Fomu ilikuwa yake. Zamani ilikuja kwa lugha ya kigeni, imejaa maneno ya kutafuna kama ngozi kavu, na wenyeji walikuwa wakiitazama kama wanavyotazama cheti cha daktari. Miaka saba iliyopita Mama Alama aliichukua nyumbani, akakaa nayo wiki mbili kwenye meza ya kulia chakula, mumewe akala mapajani, na akaitoa kwa Kiswahili chepesi. Aliandika pia barua ya ukurasa mmoja ya kutangulia mwezi mmoja kabla ya yeye kufika, iwaambie wenyeji wajiandae vipi. Mkuu alimsifu mbele ya watu. Yeye mwenyewe aliipa fomu hiyo tisa, alama ambayo hata mumewe hajapata kuiona.

Gari la ofisi liliwafikisha asubuhi. Dereva, mtu aliyeweza kulala popote penye kivuli, alilaza kiti chake kabla injini haijapoa. Waliompokea Mama Alama walikuwa wanawake wawili wa kikundi cha kulinda msitu.

Wa kwanza, waliyemwita Bi Tochi, alikuwa mdogo wa umbo, amekaribia miaka hamsini, na tochi imening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Tochi hiyo haivui, walisema, hata akiwa jikoni anapika mchana kweupe. Kwa miaka minane alikuwa akizunguka msitu ule bila kutumwa wala kulipwa, akiandika kwenye daftari la shule kila alichokiona: nani kakata mti, nyoka gani kapita, nyani wangapi walikuja na wangapi walikuwa na watoto. Wa pili alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mnene mwenye magoti mabovu na mdomo mzima. Hao mawifi walikuwa wakigombana toka mlangoni hadi msituni, na siku mmoja akikosekana mwenzake anaulizia kila nyumba.

Msitu ulimfurahisha Mama Alama, ingawa yeye akifurahi hubana midomo. Alifunga kamba kuzunguka eneo la hatua ishirini kwa ishirini, akahesabu aina thelathini na moja za miti. Alisikia ndege wakubwa wakipiga mbawa juu ya matawi kwa sauti ya mtu anayekung'uta shuka. Alipima mteremko wa njia, akauliza hospitali iko umbali gani, akaandika mahali ambapo choo kingeweza kujengwa bila kuharibu kijito. Kila alipoandika, Bi Tochi alinyoosha shingo akijaribu kuisoma kalamu kwa mbali.

Ndani ya mkoba Mama Alama alikuwa na picha za pango lenyewe. Zilipigwa miaka minne nyuma na mwanafunzi mmoja wa chuo, na zilikuwa kwenye faili la idara. Katika picha hizo dari lilikuwa jeusi kwa popo, maelfu kwa maelfu, na katikati yao mawe meupe yalikuwa yakining'inia kama viwele vya ng'ombe, yakichuruzika maji. Miaka kumi na tisa ya kazi, na hajawahi kuona picha zilizomfanya aamke mapema hivi. Alivaa kofia ngumu, akavaa barakoa kwa ajili ya vumbi la kinyesi cha popo, akapinda kona ya mwisho ya njia.

Mbele ya mdomo wa pango kulikuwa na zulia dogo la kufutia miguu.

Mama Alama alilitazama zulia lile kwa muda. Kisha akafuta miguu, maana alilelewa vizuri, akaingia. Sakafu ilikuwa imefagiliwa mpaka mistari ya fagio inaonekana. Kuta zilisuguliwa kwa brashi kutoka chini hadi pale mkono wa mtu aliyesimama juu ya ngazi unapofika. Ndani kulinukia sabuni ya kufulia. Mawe mawili makubwa yaliyokuwa yakining'inia karibu na mlango yalikatwa, na vishina vyake vikalainishwa kwa msasa, ili mgeni asigonge kichwa. Alimulika dari kutoka mwanzo hadi mwisho. Hapakuwa na popo hata mmoja.

Bi Tochi alikuwa amesimama pembeni, mikono ameifunga nyuma, kama mama aliyempeleka mtoto kwenye mtihani akiwa amemchana nywele.

"Karibu, mama," alisema. "Tumejitahidi."

Mama Alama aliuliza popo wako wapi. Akajibiwa kwamba wameondoka, na haikuwa kazi ndogo. Walifukizwa moshi wenye pilipili kwa siku sita, asubuhi na jioni, mpaka wafukizaji wenyewe wakatoka machozi. Wifi alieleza jinsi ndoo mia mbili na zaidi za kinyesi zilivyotolewa kwa mikono, na jinsi yeye, pamoja na magoti yake, alivyosugua ukuta wote wa kushoto. Ukuta wa kulia ulisuguliwa na wifi yake, aliongeza, na mgeni akitazama vizuri ataona tofauti.

Hasira ilimpanda Mama Alama polepole, kutoka miguuni. Mawe ya namna ile huota unene wa kidole kwa miaka mia, na hapa watu wameyapiga msasa. Alikaa juu ya jiwe lililooshwa, akafungua fomu, akaanza kujaza kwa ile kalamu isiyojua huruma. Njia, kumi na moja. Usalama, kumi na tatu. Mvuto, kumi na nne. Viumbe hai, tatu, na tatu hizo ni za buibui. Kisha akafika kwenye sehemu ya mwisho, uelewa wa wenyeji, yenye alama kumi na tano. Kanuni yake alikuwa ameitunga mwenyewe: wenyeji wakiwa wameharibu maumbile kwa mikono yao, sifuri. Akaandika sifuri, akaizungushia mara mbili. Jumla ilikuwa arobaini na moja.

"Ni nani huyo aliyewaambia mfanye hivi?" aliuliza hatimaye, na sauti yake ilirudi kutoka ukutani ikiwa kali zaidi.

Mawifi walitazamana. Bi Tochi alitia mkono kifuani, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa plastiki. Aliikunjua kwa uangalifu wa mtu anayekunjua kanga ya marehemu mama yake.

"Ni wewe, mama," alisema.

Ilikuwa ile barua ya ukurasa mmoja. Bi Tochi hakuhitaji kuisoma, aliijua kwa moyo. Kifungu cha tatu: wenyeji wahakikishe kwamba mapango na mazingira yake yako katika hali safi kabla ya tathmini, sehemu iliyochafuliwa itapunguziwa alama. Chini kulikuwa na sahihi ya Mama Alama, yenye ule mkia mrefu aliokuwa akiuonea fahari.

Mama Alama aliishika karatasi ile na mambo yote yakamrudia, meza ya kulia chakula, chai iliyopoa, na lile neno la kigeni lililomsumbua siku mbili. Maana yake ilikuwa kitu ambacho mkono wa mtu haujakigusa, kilichobaki kama kilivyoumbwa. Alitafuta neno fupi ambalo kila mtu analijua. Akapata safi. Akalipenda, akaliandika. Hakuna siku aliyojiuliza mwanamke aliyeambiwa mgeni anakuja na pawe safi atafanya nini. Atafanya nini kama si kushika fagio?

Laiti ingeishia hapo. Lakini akili ya mtu ikishafunguka haifungiki, na Mama Alama alianza kuona mahali pengine alipopita katika miaka saba hiyo. Kulikuwa na chemchemi ambayo alikuta imejengewa saruji pande zote. Kulikuwa na msitu uliofagiliwa majani mpaka udongo uko uchi. Kulikuwa na maporomoko ya maji ambayo mawe yake yote yalipakwa chokaa, meupe kama meno ya bandia, na wanawake wa pale walimpigia makofi aliposhuka garini. Wote aliwapa sifuri ya uelewa. Kwenye semina moja alisimama akasema tatizo la nchi hii ni watu wasiojua thamani ya maumbile, ukumbi ukacheka, naye akacheka. Nyani haoni kundule, walisema wahenga, na hapo nyani alikuwa amekaa juu ya jiwe safi akiwa na kofia ngumu.

Alivua barakoa. Aliwaeleza mawifi wale neno lile lilikusudiwa kumaanisha nini, polepole, bila kujitetea, ingawa ulimi ulitaka sana kujitetea. Aliwasimulia na ya wale wengine, hata wa maporomoko waliopaka mawe chokaa. Aliwaambia kwamba pango lilikuwa safi kabla hawajaligusa. Kinyesi kilikuwa usafi. Popo walikuwa usafi. Yale mawe mawili ya kugonga kichwa, hayo ndiyo wageni wangesafiri siku nzima kuja kuyaona.

Bi Tochi alitazama mikono yake. Ngozi ya vidole ilikuwa imebambuka kwa sabuni na magadi, na kucha mbili zilikuwa nyeusi. Alikuwa akilia, bila sauti, na hakujificha. Miaka minane alilinda kilima kile kisiguswe na mtu, na aliyekigusa akawa yeye.

"Ungeandika msiguse," alisema. "Neno moja tu, mama. Msiguse. Hata mtoto angeelewa."

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole huuma siku tatu. Mama Alama alisema samahani. Neno lilitoka dogo kuliko alivyotaka, likapotea kwenye pango lile tupu.

Wifi alikohoa. "Sasa kama mambo yenyewe ndiyo hayo," alisema, "si tumwonyeshe lile jingine?"

Bi Tochi alimkata jicho ambalo lingemgandisha mtu mwembamba. Akasema hakuna jingine. Wifi akasema lipo. Bi Tochi akasema wifi yangu huyu magoti yamempanda kichwani. Mama Alama alisimama, akatoka nje ya pango, akatazama upande wa kushoto ambako njia nyembamba ilikuwa imezibwa kwa matawi yaliyokatwa karibuni. Bi Tochi alimtangulia mbio, akasimama mbele ya matawi yale, kama mwenye nyumba anavyosimama mbele ya mlango wa chumba cha kulala wageni wanapokuja ghafla na kitanda hakijatandikwa.

"Huko ni pachafu, mama," alisema, na aibu yake ilikuwa ya kweli. "Hatukuwahi kupasafisha. Siku ziliisha."

"Magoti yangu yaliisha," alisema wifi. "Pa kupita kwa tumbo pale. Mimi nikasema, tuzibe, nani atajua?"

Mficha uchi hazai, na kwa mara ya kwanza Mama Alama aliona methali ile inaweza kwenda kinyume: hawa walificha, na walichokificha ndicho kilichopona. Aliomba apelekwe. Bi Tochi alikataa mara mbili, akaona aibu mara ya tatu, kisha akaondoa matawi.

Mlango wa pango la pili ulikuwa ufa chini ya mizizi ya mti mkubwa. Waliingia kwa viwiko, Bi Tochi mbele na tochi yake, mtathmini nyuma na tumbo la miaka hamsini na saba. Wifi alibaki nje akiwaelekeza kwa sauti mahali ambapo hajawahi kufika. Baada ya kutambaa kwa muda, juu pakafunguka, na Mama Alama akaweza kusimama.

Harufu ilimpiga kwanza, kali ya kutoa machozi. Kisha sauti, kunong'ona kwingi kutoka juu. Bi Tochi alikinga tochi kwa kiganja ili mwanga uwe mdogo, jambo ambalo hakuna aliyemfundisha, akaielekeza darini. Popo walikuwepo. Walikuwepo wale wa siku zote, na walikuwepo wale waliofukizwa kule, wamejibana kama ndugu waliokimbilia nyumba moja wakati wa mafuriko. Kati yao mawe meupe yalishuka hadi karibu na sakafu, na mengine yalipanda kutoka chini kuyapokea, yamebakiza nafasi ya upana wa kiganja. Pembeni kulikuwa na kidimbwi cha maji baridi, na ndani yake vijidudu vyeupe visivyo na macho vilitembea bila haraka. Juu ya kinyesi mende wadogo walikuwa wakila karamu.

"Unaona palivyo," alisema Bi Tochi kwa huzuni.

Mama Alama alisema anaona. Alishika mkono ule uliobambuka, na wakasimama hivyo, wanawake wawili ndani ya uchafu, mmoja akilia kwa aibu na mwingine kwa sababu zake.

Hawakukaa sana, ili popo wasisumbuliwe zaidi. Jua lilipoanza kuinama walikaa nje, mbali kidogo na ufa, na Mama Alama akatoa kihesabio chake cha kubonyeza kwa dole gumba. Popo walitoka kabla giza halijaingia, kwanza mmojammoja, halafu kama moshi mzito. Alibonyeza kwa makumi, kisha kwa mamia, mpaka dole likafa ganzi. Wifi alifunika kichwa kwa kanga akiapa kwamba mmoja amemlenga yeye. Bi Tochi aliandika idadi kwenye daftari lake, akaipigia mstari.

Fomu waliijazia kwenye chumba cha kikundi, chenye meza moja, benchi moja, na ramani ya msitu aliyoichora Bi Tochi kwa kalamu za rangi. Mama Alama alianza upya. Njia ya pango la pili ilikuwa mbaya: sita. Usalama, nane, maana hakuna mgeni wa kawaida atakayepita pale kwa tumbo bila kazi ya kwanza kufanywa. Mvuto, ishirini na nne. Viumbe hai, kumi na sita. Alijumlisha mara mbili. Hamsini na nne.

Hapo sasa ndipo penye kesi. Zilibaki zile alama kumi na tano za uelewa wa wenyeji. Mapango yote ya kilima yalitakiwa kuandikwa, na picha za mwanafunzi zilikuwa kwenye faili, kwa hiyo kamati lazima ingeuliza popo wa pango la kwanza wamekwenda wapi na nani alikata mawe. Majibu yalikuwa mawili tu. La kwanza, wenyeji wameharibu: sifuri, na kilima kimekwisha. La pili, wenyeji walitii barua, na barua ilikosewa. Lakini jibu la pili lisingekaa kwenye kilima hiki peke yake. Mkuu wa idara angesoma na kuuliza barua hiyo ilikwenda kwingine wapi. Ilikwenda mahali kumi na moja, na kote huko Mama Alama alikuwa ametoa sifuri kwa wino mweusi, kwa sahihi yenye mkia. Alibakiza miaka mitatu kustaafu, na alikuwa na jina.

Dereva alichungulia mlangoni akauliza kama bado. Akaambiwa bado. Mama Alama aliuliza kama anaweza kupata maji ya kunywa, akanywa yote, akaweka kikombe chini. Akaandika kumi na mbili. Katika nafasi ya maelezo akaandika kwamba wenyeji walitekeleza kifungu cha tatu kwa nguvu zao zote, kwamba kosa ni la mwandishi wa barua, na kwamba mwandishi huyo ndiye mtathmini. Akabandika barua nyuma ya fomu. Jumla ikawa sitini na sita. Kisha akamsogezea Bi Tochi karatasi, maana sahihi ya mwenyeji ilihitajika.

Bi Tochi hakuwa mtu wa kutia sahihi asichokisoma. Alifuata kila mstari kwa kidole. Wifi naye alisoma juu ya bega lake akitafuta kama ametajwa. Kidole kilifika mahali penye visanduku viwili vya hali ya pango, kikasimama, kikarudi nyuma, kikasimama tena. Pango la kwanza, alama ya vema ilikuwa kwenye chafu. Pango la pili, safi.

"Mama," alisema kwa upole, asimwaibishe, "hapa umekosea."

"Hapo sikukosea, mdogo wangu. Nilikosea kwenye barua."

Bi Tochi alifikiri. Alitia sahihi, herufi moja moja, lakini karatasi hakuirudisha. Aliishikilia.

"Wale wa maporomoko," alisema. "Uliosema walipaka mawe chokaa. Wao walipata ngapi?"

Mama Alama alikuwa anaijua namba hiyo. Alama zote alizowahi kutoa alikuwa anazijua.

"Hamsini na nane."

"Na sasa hivi pakoje?"

Alimwambia. Maji yale yalikwisha kuingizwa kwenye bomba kubwa la kiwanda, na yale mawe yako palepale, makavu, chokaa ikiendelea kubambuka. Wifi alisema masikini, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua anayo.

"Wanajua kwa nini walishindwa?"

"Wanajua kwamba hawana uelewa. Ndivyo nilivyowaandikia."

Bi Tochi alirudisha fomu. Kisha akafungua daftari lake la shule, lile la miaka minane, ambalo hakuwahi kumpa mtu hata alishike. Akachana ukurasa mtupu wa katikati, taratibu, usichanike vibaya, akauweka mezani mbele ya mgeni wake, na juu yake akaweka kalamu.

"Anza na hao," alisema.